Honi haianzishi mbio: tunavyozielewa vibaya bendera za mashindano ya mashua

Dodoma hatuna bahari. Mashua za tanga zikishindana, wengi wetu tunaziona kwenye runinga wakati wa Olimpiki, na pale kijiweni kwetu kwenye kahawa nimesikia mara nyingi kwamba zile bendera za kamati inayosimamia mbio ni mapambo tu. Inaniuma, maana bila hizo bendera hakuna mbio.

Wengi wanaamini honi ndiyo inayoanzisha. Hapana. Kanuni inataka muda uhesabiwe kwa bendera. Honi ni ya kuwashtua tu, na isipolia mbio zinaendelea. Sababu yake unaweza kuiona hapa hapa kwetu. Simama mbali na mpasua kokoto umtazame: nyundo inatua juu ya jiwe, kimya, kisha ndipo unasikia "ko!", nyundo ikiwa imeshainuliwa tena. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Aliye mita 680 kutoka chombo cha kamati ataisikia honi sekunde 2 baadaye, lakini bendera wote wanaiona papo hapo.

Wengine hudhani bendera ikipanda, twende. Kumbe ni ikishuka! Kwa utaratibu wa kawaida, bendera ya aina ya mashua inayoshindana hupanda zikiwa zimebaki dakika 5. Zikibaki 4 hupanda bendera iitwayo P, ya buluu yenye mraba mweupe katikati, na hushushwa ikibaki dakika 1. Ile ya kwanza ikishuka, mbio zimeanza.

Ikipanda X, nyeupe yenye msalaba wa buluu, utasikia: "Huyo keshatolewa." Hajatolewa. Kuna aliyevuka mstari wa kuanzia mapema, na akirudi akaanza upya, yumo. Ila X haitaji jina la mtu. Kila nahodha lazima ajue mwenyewe alikuwa wapi mstari ulipofunguliwa, na hapo ndipo ninapoupenda mchezo huu kuliko yote. Nyeusi ndiyo kali: ikitumika badala ya P, atakayekutwa mbele ya mstari, upande wa njia ya mbio, katika dakika ya mwisho huondolewa bila kusikilizwa.

Na nyekundu inayopeperushwa na mashua yenyewe haina maana ya hatari, wala si kadi nyekundu. Nahodha anatangaza kwamba anamlalamikia mwenzake kwa kuvunja kanuni; kesi itasikilizwa wakishafika nchi kavu.