Kihifadhi ni nini hasa?

Kihifadhi ni kitu chochote kinachotiwa kwenye chakula au kipodozi ili kisiharibike upesi. Kwa maana hiyo, chumvi ya ng'onda ni kihifadhi, na moshi wa samaki vilevile. Vya viwandani vinafanya kazi ileile: kuzuia bakteria na kuvu visizaane.

Tazama smokie, ile soseji ya pale steji, ikipasuliwa kujazwa kachumbari. Ile rangi ya waridi ndani yake hutokana na naitraiti ya sodiamu, E250 kwenye pakiti. Inazuia kijidudu cha botulizimu, ambacho sumu yake huua. Lakini naitraiti ikikutana na protini kwenye moto mkali huweza kuzaa naitrosamini, na hizo huleta saratani. Mwaka 2015, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliweka nyama za kusindikwa kundi moja na tumbaku. Watu wakashtuka. Kundi hilo linapima uzito wa ushahidi tu, halisemi smokie ni hatari sawa na sigara. Hata hivyo, kula kila jioni ni kujitafutia.

Kinachoniudhi mimi ni metabisalfaiti ya sodiamu, E223, ile iliyotikisa Nairobi mwaka 2019 runinga ilipoonyesha inavyotumiwa kwenye nyama za supamaketi. Katika divai na matunda makavu inaruhusiwa kwa kipimo. Ikipakwa nyama mbichi, inairudishia wekundu hali imeshazeeka. Hapo hakuna kinachohifadhiwa, mnunuzi anafichwa tu. Gesi yake ya salfa inaweza kumbana kifua mwenye pumu, tena inaharibu vitamini B1. Nyama iliyolala hugeuka kahawia. Ukiiona siku ya tatu ingali inang'aa kama ya leo asubuhi, muulize mwenye bucha.

Losheni nayo ina maji, kwa hiyo bila kihifadhi ingeota kuvu. Parabeni, kundi la vihifadhi vya vipodozi, zinaogopwa kwa sababu huiga kidogo homoni ya estrojeni. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku aina tano mwaka 2014, ukaacha nyingine kwa viwango. Basi wauzaji wakaanza kubandika "haina parabeni". Ukigeuza chupa, huenda ukakuta kihifadhi kingine, methiliaisothiazolinoni, inayojulikana kwa kuwasha ngozi na kutoa vipele, hata Ulaya imeikataza kwenye losheni za kupaka na kuacha mwilini. Hutiwa kidogo sana, kwa hiyo jina lake hukaa karibu na mwisho wa orodha, kwa herufi za kukodolea macho.