Kopo la wenye kisukari na bakteria wa tumboni: maswali na majibu

Hivi vinywaji vya wenye kisukari vina tofauti gani na uji wa kawaida?

Tofauti iko kwenye wanga. Kiwandani wanga wake hubadilishwa, au huchanganywa na nyuzinyuzi, ili sukari isipande kwa kasi baada ya kunywa. Huuzwa maduka ya dawa, unga wa kopo au chupa. Aghalabu hupewa mzee aliyekosa hamu ya kula, au mtu huvinywa badala ya kifungua kinywa.

Je, vinalisha bakteria wazuri?

Inategemea ndani ya kopo kuna wanga gani, na hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa.

Chukua isomaltulosi. Imetokana na sukari ile ile ya mezani, glukosi na fruktosi, ila zimeungwa kwa namna nyingine ambayo vimeng'enya vya utumbo mwembamba huikata polepole. Sukari ya damu hupanda taratibu, jambo jema. Lakini gramu moja bado ina kilokalori 4, na karibu yote hufyonzwa kabla ya kufika utumbo mpana, wanakoishi bakteria wengi. Wao hawaambulii kitu.

Inulini, aina ya nyuzinyuzi, ni habari nyingine. Mwili hauna kimeng'enya cha kuivunja, kwa hiyo inafika chini nzima nzima. Maltodekstrini sugu, wanga uliobadilishwa usimeng'enywe kirahisi, nayo sehemu kubwa hufika huko. Usiichanganye na maltodekstrini ya kawaida, inayopandisha sukari karibu kama glukosi yenyewe. Neno moja tu kwenye lebo, na kazi ni kinyume kabisa! Geuza kopo, usome orodha ya viungo: kilichotajwa mwanzo ndicho kingi.

Bakteria wakizipata nyuzinyuzi hizo, mgonjwa anafaidika nini?

Huzichachusha, kama togwa inavyochachuka mtungini, wakatoa asidi za mafuta zenye mnyororo mfupi: asetati, propionati na butirati. Butirati ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Asidi hizi pia huchochea utumbo kutoa homoni ya GLP-1, inayosaidia kongosho kutoa insulini chakula kinapoingia.

Mwaka 2012, utafiti wa Wachina 345 ulionyesha kwamba wenye kisukari cha aina ya 2 wana upungufu wa bakteria wanaotengeneza butirati. Mwaka 2018, kundi la Zhao Liping, pia China, liliwapa wagonjwa mlo wenye nyuzinyuzi nyingi za aina mbalimbali. Bakteria watengenezaji wa asidi hizo wakaongezeka, na kipimo cha sukari cha miezi mitatu kikashuka zaidi kuliko kwa wenzao waliopewa mlo wa kawaida wa kisukari. Ila ule ulikuwa mlo mzima, pamoja na nafaka zisizokobolewa. Glasi moja asubuhi juu ya chapati mbili haiwezi kuleta matokeo hayo.

Mbona nikinywa tumbo linajaa gesi?

Ni ule uchachushaji. Anza na nusu glasi, uongeze siku hadi siku. Metformin, dawa ya kisukari, nayo huvuruga tumbo na hubadilisha bakteria. Usiiache kwa sababu hiyo, mwambie daktari.

Sukari ikishuka ghafla, ninywe hicho hicho?

Hapana, tafadhali. Ukiwa unatetemeka na jasho la baridi linakutoka, mashine inasoma chini ya 3.9 mmol/L, unahitaji sukari ya haraka: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari. Pima tena baada ya dakika 15. Kinywaji kilichotengenezwa kupandisha sukari polepole kitakuchelewesha.

Na kama unachoma insulini, usibadilishe mlo kwa kinywaji kabla ya kuzungumza na daktari, maana dozi ilipangwa kwa chakula chako cha zamani.

Sina hela ya kopo. Nifanyeje?

Maharage, kunde, choroko, kitunguu na ndizi mbichi za kupika vina chakula cha bakteria hao hao. Hata kiporo: viazi au wali ukipoa, sehemu ya wanga wake hujipanga upya na kuwa mgumu kumeng'enywa. Uweke kwenye friji mapema, usilale mezani, na uupashe moto hasa. Ila kiasi unachopakua kwenye sahani kibaki kile kile. Pima sukari saa mbili baada ya kula, uone mwili wako unasemaje.