Ultrafax ni nini?

Wengi wetu faksi tuliikuta ofisini: unaingiza karatasi, mashine inalia kwenye laini ya simu, ukurasa mmoja unaweza kumaliza dakika nzima. Lakini tarehe 21 Oktoba 1948, kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani mjini Washington, kampuni ya RCA ilipokea kwa redio riwaya nzima ya Gone with the Wind, kurasa 1,047, kwa dakika mbili na sekunde chache. Mfumo huo uliitwa Ultrafax.

Faksi haisomi herufi. Inapita juu ya ukurasa mstari kwa mstari ikipima weupe na weusi, kwa hiyo kwake saini, ramani na maandishi ya Kiarabu ni kitu kimoja: picha. Mwaka 1924 Richard Ranger wa RCA alikuwa tayari amevusha picha kwa redio kati ya London na New York, ila polepole mno. Mashine za namna hiyo zilitegemea silinda inayozunguka, na chuma kina uzito. Ukikikimbiza kupita kiasi, kinatetemeka na picha inavurugika.

Ultrafax iliazima ufundi wa televisheni. Wale waliokuwa na televisheni za chogo wanajua kile kioo kizito: ndani yake elektroni, yaani chembe ndogo za umeme, hugonga kioo na kuwasha nukta ya mwanga, na nukta hiyo hukimbizwa kwa umeme tu. Hakuna chuma kinachozunguka. Kurasa zilipigwa picha kwanza kwenye filamu, nukta ikapita juu ya kila picha, na mwanga uliopenya ukageuzwa umeme na kurushwa kwa mawimbi mafupi sana. Upande wa pili kioo kama hicho kiliuchora ukurasa upya, na filamu nyingine ikaunasa.

Hapo kwenye filamu ndipo ninapoona uzuri na udhaifu wake pamoja. RCA ilitangaza uwezo wa maneno milioni moja kwa dakika, lakini kila neno lilipaswa kupigwa picha kabla ya safari na kusafishwa kwenye dawa baada yake. Kampuni ya filamu ya Kodak ilibuni njia ya kusafisha filamu kwa chini ya dakika moja, kazi kubwa kwa wakati ule. Tena mawimbi hayo husafiri kwa mstari ulionyooka, hivyo kufika mji wa mbali kungehitaji minara mingi ya kupokezana. Ultrafax haikuwahi kuwa huduma ya kawaida kwa watu.