Usiache Kidonge cha Presha kwa Sababu ya Kikopo cha Viungo

Tanga watu hulishana. Jioni ukipita Ngamiani au Makorora utakutana na watoto wamebeba mabakuli yaliyofunikwa: mchuzi wa papa unakwenda nyumba ya pili, mbaazi za nazi zinarudi, na bakuli halirudishwi tupu. Binti akijifunza kupaka samaki, shoga zake wote wataonja. Hilo ni jema na sitaki liishe.

Tatizo ni kwamba siku hizi pamoja na mchuzi watu wanagawiana tiba. Kikopo cha kitunguu saumu kilichosagwa na tangawizi, ndimu na asali kinavuka barabara na maneno yake: "Hiki ndicho kilichonitoa kwenye vidonge." Aliyepewa anaacha dawa ya presha kimyakimya, hatuambii sisi wa kliniki. Kisha tunaletewa kwenye bajaji ana kiharusi, mdomo umekwenda upande. Haya hapa ni maswali tunayoulizwa kliniki kila mara.

Presha ni nini hasa?

Ni nguvu ambayo damu inasukuma kuta za mishipa. Namba ya juu ni moyo ukisukuma, ya chini ni moyo ukipumzika kati ya pigo na pigo. Ukipimwa siku tofauti na namba ya juu ikabaki 140 au zaidi, au ya chini 90 au zaidi, hiyo ni presha ya kupanda. Umri, ukoo, uzito, chumvi, pombe na sigara vyote vinachangia.

Nimetumia dawa miezi kadhaa, namba zimekaa vizuri na sijisikii kuumwa popote. Si nimepona?

Hujapona. Namba zimekaa vizuri kwa sababu unameza dawa. Ukiacha, zitapanda tena.

Na hilo la "sijisikii kuumwa" naomba tulimalize. Presha kwa watu wengi haiumi. Haichomi, haiwashi, haina homa. Mtu anaweza kuwa na 180 na akaenda sokoni Mgandini, akabeba kapu lake, akarudi akapika. Wakati huohuo mishipa ya ubongo, moyo, figo na macho inaharibika. Kichwa kutokuuma si kipimo. Kipimo ni mashine, na wakati wa kuacha au kupunguza dawa unaamuliwa na daktari akiwa na namba zako mbele yake. Wapo wanaopunguziwa, hasa wakipungua uzito na kubadili chakula. Lakini wanapunguziwa kliniki. Hawapunguziwi barazani.

Lakini shoga yangu aliacha vidonge, akanywa kitunguu saumu, akapima siku ya tatu akakuta 128. Hilo nalo utalikataa?

Namba siikatai. Nakataa sababu yake. Dawa kama amlodipini, ambayo wengi wenu mnaitumia, hutoka mwilini taratibu sana. Ukiimeza leo mara ya mwisho, kesho na keshokutwa bado inafanya kazi, na presha huchukua siku kadhaa, hata wiki na zaidi, kurudi ilikokuwa. Kwa hiyo mtu anaacha kidonge Jumatatu, anaanza kikopo, Jumatano anapima, anakuta nzuri. Sifa zote zinakwenda kwa kikopo, na kazi imefanywa na kidonge cha Jumapili. Baada ya hapo hapimi tena, maana ameshaamini. Anampelekea na jirani.

Hapa ndipo watu wanapoumia. Kitunguu saumu kinaweza kushusha presha kidogo kwa baadhi ya watu. Kidogo hicho hakimtoshi mtu mwenye 170. Tangawizi, ndimu, ukwaju, mdalasini, siki: hakuna hata kimoja kinachochukua nafasi ya dawa uliyoandikiwa. Usiache kidonge.

Basi nikile pamoja na dawa?

Kwenye chakula, kula. Kitunguu saumu na tangawizi kwenye mchuzi ni viungo vizuri, na nitaeleza hapa chini namna vinavyosaidia kupunguza chumvi. Ila kunywa glasi nzima ya kitunguu saumu kilichosagwa kila asubuhi ni jambo jingine. Kinachoma tumbo, na kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda kinaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu. Tuambie unachokunywa. Hatutakugombeza. Tunataka kujua tu, kwa sababu tukikuta presha imepanda na hatujui umeacha dawa, tutakuongezea dawa ya pili bila sababu.

Chumvi ndiyo mnayoisema kila siku. Tupunguze mpaka wapi?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, tena kilicho bapa, si cha mlima. Hicho ni cha siku nzima na kinajumlisha chumvi iliyo ndani ya mkate, bajia na karanga za barabarani.

Sasa tazama sahani ya jioni ya watu walioalikana. Wali umetiwa chumvi. Mchuzi umetiwa chumvi. Kachumbari imetiwa chumvi na ndimu. Pembeni kuna achari, ambayo imelala kwenye chumvi wiki nzima. Chumvi imeingia mara nne kwenye sahani moja, na kila aliyeileta anaapa kuwa yeye ametia kidogo. Halafu mwenye nyumba anaweka kikopo cha chumvi mezani ili mgeni asione aibu kuomba.

Na ng'onda, yaani samaki mkavu wa chumvi! Ng'onda na papa mkavu ni chakula chetu, siwezi kumwambia mtu wa Pangani au Tongoni aache. Lakini samaki huyo mloweke kwenye maji mengi, umwage, uloweke tena, umwage, ndipo umpike. Na mchuzi wake usitie chumvi hata chembe. Onja kwanza, utaona inatosha.

Kingine ni hivi vidonge vya supu na viungo vya pakiti kutoka dukani. Watu wanavihesabu kuwa ni viungo. Karibu nusu ya uzito wa kidonge cha supu, mara nyingine zaidi, ni chumvi. Mtu anapunguza chumvi kwenye sufuria, anatia vidonge viwili, kisha anashangaa kliniki. Soma karatasi yake: sodiamu miligramu 400 ni sawa na gramu 1 ya chumvi.

Ninachoshauri kwa anayewapikia wengi ni hiki. Sufuria ya mchuzi ya watu sita, tia kijiko kimoja bapa cha chai, basi. Kila mtu atakuwa amepata gramu 1 hivi. Wali wa nazi upike bila chumvi kabisa, mchuzi utaubeba. Ladha ijaze kwa kitunguu saumu, tangawizi, bizari, pilipili manga, giligilani, na ndimu ikamuliwe mwishoni baada ya kuepua. Uchachu wa ndimu au ukwaju unaufanya ulimi usiitafute chumvi. Wiki za mwanzo mtanung'unika. Baadaye ulimi unazoea, na mkila kwa jirani mtaona chakula chake kina chumvi kali.

Mimi natumia chumvi ya mawe ya huku kwetu pwani. Ni ya asili, si ina nafuu?

Haina nafuu. Chumvi ya mashamba ya chumvi na chumvi ya pakiti kwa presha ni ileile. Tena ile isiyotiwa madini joto inakunyima kinga ya rovu, na mama mjamzito akikosa madini joto mtoto anaathirika ubongo. Nunua iliyotiwa madini joto, itumie kidogo.

Nikisikia kizunguzungu wananiambia presha imeshuka, nirambe chumvi.

Nani amepima? Kizunguzungu kinakuja presha ikiwa juu, ikiwa chini, sukari ikishuka, damu ikipungua, au mtu akiwa hajanywa maji tangu asubuhi na jua la Tanga mnalijua. Kumrambisha chumvi mtu ambaye huenda ana 200 ni kumwongezea mzigo. Mketishe, mpe maji kama yuko macho na anameza vizuri, kisha akapimwe.

Na mkipima nyumbani, pimeni sawasawa. Kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kuikunja, mkono uwe usawa wa moyo, mkanda ufungwe kwenye ngozi na si juu ya baibui. Usiwe umetoka kunywa kahawa au kuvuta sigara nusu saa iliyopita.

Jirani alinipa vidonge vyake viwili, tuna ugonjwa mmoja.

Bakuli la mchuzi pokea. Vidonge rudisha. Dawa za presha ni za aina nyingi, na kinachomfaa yeye kinaweza kukudhuru wewe mwenye figo dhaifu au pumu. Losatani na enalaprili hazitumiki kabisa kwa mjamzito, zinaharibu figo za mtoto aliye tumboni. Mwanamke hajajijua kuwa ana mimba, shoga yake anampa kidonge kwa wema. Msipeane.

Dawa inanivimbisha miguu. Nyingine inanikohoza. Mume wangu anasema ya kwake inamwondolea nguvu.

Hayo ni ya kweli na tunayajua. Amlodipini inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu, enalaprili inaweza kuleta kikohozi kikavu, na baadhi ya dawa zinaweza kugusa nguvu za kiume, ingawa presha yenyewe isiyotibiwa nayo inaziharibu. Dawa zipo nyingine, tunabadilisha. Lakini mnaona aibu kusema, mnaacha. Mzee wangu, sema. Kama hutaki kumwambia muuguzi wa kike, omba kuonana na daktari wa kiume, utapewa. Usiache kidonge ukanyamaza.

Na Ramadhani?

Njoo kabla ya mwezi kuandama. Dawa nyingi ni za mara moja kwa siku na zinaweza kuhamishiwa futari au daku. Ukitumia dawa ya kukojoza, au una kisukari au figo, usijipangie mwenyewe.

Mtu mdomo umekwenda upande na mkono umelegea. Tumpe nini kwanza?

Msimpe kitu. Mpelekeni hospitali, sasa hivi.

Narudia kwa sababu hapa ndipo saa zinapopotea. Mtu uso umepinda upande mmoja, mkono hauinuki, maneno hayaeleweki, au vimekuja ghafla kutoona au kichwa kuuma kuliko kilivyowahi kuuma: hicho ni kiharusi mpaka daktari aseme si chenyewe. Si upepo. Si jini. Hakuna kusubiri kukuche, hakuna kumchua mafuta kwanza, hakuna kumpigia simu mjomba Muheza aje aone. Familia inayotaka kusoma dua isome ndani ya gari.

Msimpe kikopo cha viungo, msimpe maji wala uji, maana koo linaweza kuwa limepooza na akapaliwa. Msimpe aspirini: huenda mshipa umeziba, huenda umepasuka, na bila kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya ubongo, huwezi kujua, na aliyepasuka mshipa aspirini inamzidishia. Msimpe vidonge vya presha vingi kwa pamoja ili ishuke haraka. Ikishuka ghafla ubongo unakosa damu. Mlazeni ubavu, mkumbuke saa dalili zilipoanza, mwende.

Saa hiyo ina maana. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kipimo cha CT. Aliyeletwa asubuhi baada ya kuugua jioni, dirisha hilo limeshafungwa. Hata pale dawa hiyo isipopatikana, kumdhibitia presha, sukari na upumuaji mapema kunaamua kama atatembea tena. Mtu wa mjini asizunguke vichochoroni, aende hospitali ya Bombo moja kwa moja. Wa mbali aanze na kituo cha afya kilicho karibu, apewe rufaa.

Na hata kama dalili zimekuja zikaondoka baada ya dakika kumi, akasimama, akacheka, akaomba chai, bado apelekwe siku hiyohiyo. Kiharusi kikubwa kinaweza kufuata ndani ya siku chache.

Dawa zimeniishia na tarehe yangu ya kliniki bado. Nisubiri?

Usisubiri. Tarehe ni ya vipimo, haikuzuii kuja. Njoo siku yoyote ya kazi na pakiti tupu pamoja na kadi yako, upewe za kukufikisha. Ukiwa safarini, nenda kituo chochote na pakiti hiyohiyo, wasome jina la dawa na miligramu zake. Kama pesa ndiyo imekwama, tueleze, zipo dawa za bei nafuu zinazofanya kazi vizuri. Na kama ulishaacha wiki mbili zilizopita ukitumia kikopo, usijifiche: njoo tupime, tuanze tena leo.