Pombe ikishatajwa, homa ya ini C husahaulika

Mgonjwa anaingia, tumbo limejaa maji, macho ya manjano. Anaulizwa kama anakunywa. Anajibu ndiyo, tena kwa miaka mingi. Papo hapo huandikwa "ugonjwa wa ini utokanao na pombe" na faili hufungwa. Mimi ni daktari wa magonjwa ya ini, na mafaili ya namna hiyo nimeyafungua upya mara nyingi. Si mara moja wala mbili nimekuta kirusi cha homa ya ini C ambacho hakuna aliyewahi kukitafuta.

Kirusi hiki huonekana zaidi kwa wenye ugonjwa wa ini wa pombe kuliko kwa watu wengine. Njia yake ni damu, na baadhi yao waliwahi kuchangia sindano za dawa za kulevya, pengine zamani na kwa muda mfupi. Wapo pia ambao hata uwahoji vipi, chanzo hukipati. Ndiyo maana sichagui wa kumpima kwa kusikiliza maelezo yake. Napima wote.

Pombe na kirusi vikikutana katika ini moja, kila kimoja hukipa kingine nguvu. Kinga ya mwili hushambulia seli zilizoambukizwa, na majeraha hayo huacha makovu. Ini nalo likivunja pombe hutoa asetaldehidi, sumu inayochochea seli zilezile zinazotengeneza makovu. Kati ya watu 100 wenye homa ya ini C sugu, 15 hadi 30 hupata sirosisi, yaani ini lililojaa makovu na kuwa gumu, ndani ya miaka 20. Mnywaji wa kupindukia hufika huko mapema zaidi, na hatari ya saratani ya ini humwandama.

Vipimo vya kawaida vya ini havitutoi kwenye kosa hili. Kwa mnywaji, kimeng'enya cha AST mara nyingi huwa zaidi ya maradufu ya kingine kiitwacho ALT, vyote vikipimwa kwenye damu, na daktari akiuona uwiano huo hutulia, akiamini ni pombe tu. Lakini uwiano huo hausemi kwamba kirusi hakipo. Kinachosema ni kipimo cha kingamwili, yaani askari ambao mwili huwaunda dhidi ya kirusi, na kikiwa chanya, kipimo cha RNA, yaani chembe za urithi za kirusi chenyewe. Cha pili ni cha lazima, kwa sababu kingamwili hubaki kwenye damu hata kwa aliyekwisha kupona.

Kinachoniuma zaidi ni matibabu. Enzi za interferoni, dawa ya zamani ya homa ya ini C, mgonjwa alichomwa sindano kwa wiki 24 hadi 48, akapata homa na sonona, na mara nyingi alitakiwa kwanza kukaa miezi 6 bila pombe. Nilifuata utaratibu huo. Wengine hawakurudi tena. Leo kuna kidonge kimoja kwa siku chenye sofosbuviri na velpatasviri, kwa kawaida wiki 12, na zaidi ya asilimia 95 hupona. Anayekunywa naye hupona, mradi ameze dawa zake. Kumwambia "acha pombe kwanza, ndipo nikutibu" hakuna tena msingi wa kitabibu, na bado wagonjwa huniletea maneno hayo kutoka walikopita.

Yapo ya kuchunga. Kabla ya dawa hupimwa homa ya ini B, kwani inaweza kuamka kirusi cha C kinapoondoka. Ini lililokwisha kushindwa kazi halivumilii baadhi ya dawa hizi, hivyo mgonjwa huyo aonwe na bingwa.

Kirusi kikiisha, makovu hayafutiki siku hiyo, na pombe ikiendelea itaendelea kuyaongeza. Kwa hiyo kazi ya kumsaidia mtu aache kunywa huenda sambamba na vidonge. Mwenye sirosisi namwita kwa ultrasaundi kila baada ya miezi 6 hata baada ya kupona, kutafuta saratani ingali ndogo. Tena kupona hakumpi kinga: anaweza kuambukizwa upya.

Kama umeambiwa ini lako limeharibiwa na pombe, muulize daktari wako swali moja: nimepimwa homa ya ini C?