Figo haiuzwi India, na Uhindu haujakataza kuitoa

Malalamiko ya wagonjwa wetu wanaotaka kupandikizwa figo na kurudishiwa makaratasi na hospitali za India yamezidi. Mengi yanatokana na dhana mbili zinazogongana: kwamba Wahindu hawatoi viungo kwa sababu ya dini, na kwamba India figo hununuliwa kama embe sokoni. (Na jamani, si kila Mhindi ni Mhindu.)

Hofu ya kidini ipo. Wako wazee wanaoamini kuwa atakayechomwa bila macho yake atazaliwa tena kipofu. Lakini Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, inaifananisha roho na mtu anayevua nguo chakavu na kuvaa mpya. Nguo ukishaivua haikufuati. Wahamasishaji huko India humtaja pia Dadhichi, mzee wa hekima aliyekubali kufa ili mifupa yake iwe silaha ya miungu. Na Gita hiyohiyo inasema sadaka safi ni ile anayopewa mtu asiyeweza kukulipa.

Sheria ya India ya upandikizaji wa viungo ya mwaka 1994, iliyorekebishwa 2011, imesimama hapohapo: kiungo hutolewa, hakiuzwi. Anayenunua au kuuza kiungo anafungwa miaka 5 hadi 10 na kutozwa faini ya rupia milioni 2 hadi milioni 10. Kwa aliyekufa ubongo, yaani ubongo wake umezimika moja kwa moja ingawa mashine bado inampumulisha, madaktari wanne wanathibitisha, vipimo vikirudiwa baada ya saa zisizopungua 6, ndipo familia inaombwa ridhaa. Mwili hushonwa na kurudishwa kwa mazishi ya moto kama kawaida.

Kwa mtoaji aliye hai, "ndugu wa karibu" ni mume au mke, mzazi, mtoto, kaka, dada, babu, bibi na mjukuu. Basi. Kwetu binamu ni ndugu, hata jirani ni ndugu; kwa sheria ile siyo, na asiyemo kwenye orodha hupelekwa mbele ya kamati ya idhini, aeleze kwa nini anatoa. Raia wa India aliye hai haruhusiwi kabisa kumpa mgeni asiye ndugu yake wa karibu, kwa hiyo msitume watu "wakatafute hukohuko".

Ubalozi wa nchi ya mgonjwa hutakiwa kuthibitisha undugu huo kwa Fomu 21. Barua ya mtendaji wa mtaa yenye maneno "huyu ni ndugu yake" haitoshi, hata ikiwa na mihuri mitatu. Leteni vyeti vya kuzaliwa, na majina yafanane: Hamisi kwenye cheti, Hamis kwenye pasipoti, faili linarudi.