Kushuka mlima na gia nzito hakuui injini

Hapa Mombasa, ukikaa na madereva wa malori pale Changamwe, utaambiwa ukishuka mlima tia nyutro, eti gia nzito, yaani ya kwanza au ya pili, yala mafuta na yaua injini. Wazee wetu walisema hivo enzi za kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya mafuta na hewa, na ilikuwa na ukweli kidogo, lakini magari ya sasa si hivo kabisa. Ukiwa kwenye gia na umetoa mguu kwa mafuta, kompyuta yakata dizeli yenyewe, magurudumu ndio yanazungusha injini, ilhali ukitia nyutro injini lazima inywe mafuta ndo isizime. Na injini haiumii bora tu raundi za injini zisifike pale pekundu kwenye mita.

Kinachoniuma zaidi ni breki. Barabara ya vumbi ya kushuka kule milima ya Taita, ukiwa na mzigo halafu waishikilia breki tu toka juu, zapata moto, wasikia ile harufu kali ya kuungua, oili ya breki yaweza kuchemka na pedali yazama mpaka chini bila gari kusimama. Kwa hivo chagua gia kabla hujaanza kushuka, si katikati, fo-wili (ile ya kuvuta magurudumu yote manne) iwe loo, yaani ya mwendo mdogo na nguvu nyingi, gia ya kwanza au ya pili, na klachi usiiguse kabisa! Spidi ikizidi, kanyaga breki kidogo uachie. Magurudumu yakianza kuteleza kwa matope, ongeza mafuta kiduchu tu yashike tena.